Kopo la Rangi, Mpira wa Tenisi na Maji ya Bamvua

Mhariri, pokea salaam kutoka Mtwara.

Wiki hii mmewauliza wasomaji: "Kumbukumbu ipi ya gofu, ukiwa na familia au marafiki, unaipenda kuliko zote?" Najua majibu mengi yatatoka Lugalo, Gymkhana ya Dar es Salaam, Moshi na Arusha, kwa watu wenye mikoba ya fimbo 14 na glovu nyeupe. La kwangu ni la huku kusini: gofu ya ufukweni, kwa mpira wa tenisi, fimbo za kuchonga wenyewe na kopo la rangi lililofukiwa kuwa shimo. Kumbukumbu ninayoipa namba moja ni ya mpira wa mtu asiyejua kucheza unaotumbukia shimoni huku ukoo mzima unatazama. Mtu huyo anaweza kuwa bibi, shemeji aliyekuja kusalimia au mtoto wa darasa la pili. Wengi hudhani jambo hilo ni bahati. Siyo bahati, linapangwa, na vifaa vyake vyote vinaenea kwenye toroli moja. Wanaojaribu bila kupanga huishia kwenye mchanga laini, kopo limeibuka juu, fimbo imeruka kichwa, na watoto wamehamia kwenye mpira wa miguu.

Tuanze na maji, maana ndiyo yanayoharibu siku nyingi kuliko kitu kingine. Pwani yetu maji hupwa mara mbili kwa siku, na kila siku muda husogea mbele kama dakika 50. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji hutoka mbali, na kupwa kwake huangukia kati ya saa nne na saa sita mchana. Siku za maji mafu, yaani mwezi unapokuwa nusu, hayatoki sana, tena hupwa alfajiri au jioni. Ukishalijua hilo, kalenda ya sikukuu unaisoma kama mvuvi. Idd el-Fitr ni siku ya kwanza ya mwezi mwandamo, kwa hiyo haikosi bamvua: watu wametoka kuswali, pilau bado iko jikoni, na ufuko uko wazi. Hakuna siku bora kuliko hiyo. Idd el-Adha ni siku ya 10 ya mwezi mwandamo, hukuta mwisho wa maji mafu, usiwahangaishe watu. Pasaka hufuata mwezi mpevu, lakini inaweza kuja siku moja baada yake au siku saba, kwa hiyo hesabu kabla hujaalika. Krismasi haina ahadi yoyote, mwaka huu bamvua, mwaka kesho maji mafu.

Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda sehemu moja kati ya 12, saa ya pili sehemu mbili, saa ya tatu na ya nne sehemu tatu kila moja. Bamvua ya huku hupanda na kushuka kama mita tatu, kwa hiyo katika saa ya tatu peke yake maji huinuka kama sentimita 75. Kwenye ufuko tambarare hiyo ni hatua nyingi sana, na mara nyingi hayaji kwa mbele, huzunguka kwa nyuma kupitia vijito. Dawa yake ni mwanzi mmoja. Saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, chomeka mwanzi pale yalipofikia, na shimo lolote lisivuke mstari huo kwenda baharini. Maji yatarudi kwenye mwanzi ule saa moja na nusu baada ya kupwa. Hapo una saa tatu mkononi: dakika 40 za kupanga uwanja, saa moja na nusu za kucheza, robo saa ya kung'oa makopo, na zinazobaki ni za mabishano.

Mahali pa kuchezea pachaguliwe kwa kisigino. Kanyaga kwa uzito wako wote: kikizama zaidi ya sentimita moja, mpira hautabingirika; pakiwa na maji yanayong'aa juu, mchanga haujajichuja, subiri kidogo. Shangani mjini Mtwara, Mitwero upande wa Lindi na fukwe za Msimbati zina sehemu zinazofaa. Ghuba ya Mikindani nzuri kwa macho, lakini sehemu kubwa ni tope na mikoko. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo piteni kwenye ofisi ya hifadhi kabla ya kuchimba chochote. Popote mtakapokuwa, kumbukeni bamvua ni siku ya kazi kwa wengine. Kina mama wanashuka kuokota chaza na kutafuta pweza, na penye mashamba ya mwani kamba zimetandazwa. Uwanja upishe njia zao, siyo wao wapishe uwanja.

Mpira halisi wa gofu usiuchukue. Una upana usiopungua milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93, ni mgumu kama jiwe, na akiupiga mtu mwenye nguvu unaweza kuondoka kwa kasi inayozidi kilomita 200 kwa saa. Ufuko wenye watoto si mahali pake. Mpira wa tenisi uliochakaa unatosha. Chukueni minane kwa kila timu, kwa sababu manyoya yake yanakunywa maji, na baada ya mashimo matatu mpira unakuwa mzito na hauruki tena. Ubadilishwe, ule wa kwanza uanikwe juani.

Na shimo? Kanuni za gofu zinataka shimo la milimita 108, yaani mara mbili na nusu ya upana wa mpira. Mpira wa tenisi una kama sentimita 6.7. Zidisha kwa mbili na nusu, unapata 17, na huo ndio upana wa kopo la rangi la lita 4. Kama vile lilitengenezwa kwa kazi hii. Likwanguliwe rangi, kingo zigongwe kwa nyundo zisikate mkono, kisha chini litobolewe kwa msumari matundu sita. Matundu hayo ndiyo siri. Mchanga wa pwani una maji chini yake, na kopo lisilo na tundu husukumwa juu na maji kama mtumbwi; dakika kumi tu utalikuta limechomoza. Likitobolewa, maji huingia na kutoka, nalo hukaa. Lifukiwe hadi mdomo wake uwe chini ya uso wa mchanga kwa upana wa kidole. Likilingana na mchanga, ule wa pembeni hushuka baadaye, mdomo unabaki juu, na mpira uliopigwa vizuri unagonga ukingo na kuruka. Hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Bendera ni vipande vya kanga kuukuu kwenye mianzi ya mita mbili, kila shimo na kanga yake, ili watu waseme "lile shimo la kanga nyekundu" badala ya kuhesabu namba. Mwanzi usiwekwe ndani ya kopo, unalegea na kujaza nafasi. Uchomekwe nyuma yake kiasi cha nusu hatua. Na ufungwe vizuri, maana upepo wa kusi miezi ya Juni na Julai hauna adabu na vitambaa.

Fimbo ndizo zinazohitaji maandalizi ya mapema, wiki tatu kabla. Mpini uwe wa mpera, unene wa sentimita mbili na nusu, ulionyooka. Ukate, uumenye ganda, uukaushe kivulini. Ukiuanika juani unapasuka. Wanaoutumia mbichi ndio ambao vichwa vya fimbo zao huruka, kwa sababu mti ukikauka unasinyaa na tundu linabaki na nafasi. Mwanzi usitumike kwa mpini, unachanika pale unapoingia kwenye kichwa. Urefu hupimwa mtu akiwa amesimama wima, mikono imelegea: kutoka chini hadi kwenye kifundo cha mkono. Kwa mtu mzima ni kama sentimita 85 hadi 90, kwa mtoto wa miaka minane ni kama 60. Mtoto akipewa fimbo ya mkubwa huishika katikati, ncha ya juu inamchoma tumbo, na baada ya mikwaju mitatu anakuambia hapendi gofu. Kumbe haipendi ile fimbo.

Kichwa kichongwe kutoka kwenye mti wa mkwaju au mpera, urefu wa sentimita 12, uzito wa gramu 250 hadi 350 kwa mkubwa na nusu ya hapo kwa mtoto. Najua tuko kwenye nchi ya wachongaji na kila mtu atafikiria mpingo. Uacheni. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, unachosha mkono, na una kazi za thamani zaidi ya kupigia mpira wa tenisi. Tundu la mpini litobolewe kwa keekee, mpini uingie kwa kugongwa, upasuliwe juu na kutiwa kabari kama jembe, halafu shingo izungushiwe utepe wa tyubu ya baiskeli. Msumari wa kukatiza haufai, unapasua kichwa kwenye mkwaju wa kumi au wa ishirini. Kila baada ya mashimo matatu, shika kichwa na ukizungushe. Kikicheza hata kidogo, fimbo inawekwa chini.

Kila timu inahitaji fimbo mbili: moja yenye uso wima ya kusukumia karibu na shimo, na nyingine yenye uso uliolala nyuma kwa nyuzi 20 hivi. Asiye na kipimo atazame saa ya ukutani: ni theluthi mbili ya njia kutoka 12 kwenda 1. Chini ya kichwa hicho paachwe pana na pa mviringo, pasichongwe kama panga. Ukingo mwembamba huzama mchangani, mkono unastuka, mpira unabaki palepale. Sehemu pana ya chini huteleza. Ndiyo hesabu ileile ya fimbo ya mchangani ambayo Mmarekani Gene Sarazen aliifanya ijulikane mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Kabla ya mkwaju wa kwanza wa kila shimo, mpira uwekwe juu ya kichuguu cha mchanga uliolowa, urefu wa kidole kimoja kilicholala. Wachezaji wa zamani walifanya hivyohivyo kabla ya vijiti vya mbao kuenea. Na fimbo isiinuliwe kupita kiuno. Kijana atakayetaka kuizungusha hadi nyuma ya shingo, kama anavyoona kwenye televisheni, atateleza mguu na kupiga mchanga. Kati ya wapigaji wapya kumi, tisa hukosea kwa kuinua kichwa kutazama mpira unakokwenda kabla hawajaupiga.

Kuna atakayesema hii siyo gofu. Kwa kumbukumbu tu, gofu yenyewe ilikulia kwenye ardhi ya mchanga kando ya bahari huko Scotland, na ilipendwa kiasi kwamba mwaka 1457 bunge la huko liliipiga marufuku. Uwanja mkongwe wa St Andrews ulikuwa na mizunguko ya mashimo 22 kabla ya kupunguzwa kuwa 18 mwaka 1764. Na kama mnatafuta kumbukumbu ya familia, iko hukohuko: Tom Morris alishinda mashindano ya The Open mwaka 1867 akiwa na miaka 46, mwaka uliofuata mwanawe Tom akashinda akiwa na miaka 17, na mwaka 1869 mtoto akawa wa kwanza, baba wa pili. Mshindi mzee kuliko wote na mshindi mdogo kuliko wote, nyumba moja.

Sasa namna ya kucheza, na hapa ndipo wengi wanapoliua jambo lenyewe. Wakimpa kila mtu mpira wake na kuhesabu mikwaju, shimo la pili tu kijana mwenye nguvu anaongoza kwa mikwaju sita, shangazi yuko nyuma peke yake anapiga mchanga, na walio mbele wanamsubiri huku wanatazama simu. Chezeni kwa mpira mmoja bora. Timu ni ya watu wanne. Wote wanapiga kutoka mahali pamoja, wanachagua mpira uliokaa vizuri zaidi, wengine wanaokota yao, na wote wanapiga tena kutoka pale ulipo ule. Unahesabiwa mkwaju mmoja kwa kila zamu ya timu. Asiyejua kupiga haipunguzii timu chochote. Na ikitokea watatu wamekosa, mpira wa bibi uliobingirika polepole hadi karibu na kopo ndio unaochaguliwa, wote wanausimamia pale, na kesho kutwa bado unasimuliwa.

Lakini wekeni sharti moja, la sivyo kijana yule atapiga zote na wengine watakuwa wapiga makofi: kati ya mashimo tisa, mkwaju wa kwanza wa kila mtu lazima utumike angalau mara mbili. Wanne mara mbili ni nane, linabaki shimo moja la hiari. Sharti hili ndilo linalotengeneza presha. Timu inafika shimo la saba, mpira wa shemeji haujatumika hata mara moja, na sasa lazima uchukuliwe hata kama umeangukia kwenye kidimbwi. Kidimbwi kisiadhibiwe: okota, weka pakavu palipo karibu, pasiwe karibu zaidi na shimo. Timu ikifika mikwaju minane, iokote mpira, iandike nane, iende mbele.

Katika kugawa timu, changanyeni rika na tumieni utani uliopo. Babu na wajukuu wakae timu pinzani, mashemeji vilevile, maana maneno yao ni nusu ya mchezo. Mume na mke timu moja ni sawa kwa mpira mmoja bora. Ule mtindo wa kupiga kwa zamu mpira mmoja, wewe unapiga mimi naenda kuutoa ulikoutupa, siwashauri wanandoa.

Urefu wa mashimo uwe hatua 25 hadi 60 za mtu mzima. Matatu yawe mafupi, na moja liwe hatua 15 tu ili mtoto aweze kuingiza kwa mkwaju mmoja. Marefu yaelekezwe kwenye upepo. Upepo ukiwa nyuma ya mpira kwenye mchanga mgumu, mpira unakimbia hadi kwa wavuvi. Mkiwa 12, timu ya kwanza ianzie shimo la kwanza, ya pili la nne, ya tatu la saba, zote kwa wakati mmoja kwa filimbi. Kila shimo huchukua dakika nane hadi kumi, hakuna kusubiriana. Hatua mbili kuzunguka kopo asikanyage mtu ila anayepiga, kwani nyayo hugeuka mifereji. Timu ikimaliza, iburute gunia kuusawazisha mchanga kwa ajili ya inayofuata.

Ajali zinazotokea ni za aina moja: mtoto amesimama nyuma ya mpigaji. Chora duara la hatua tatu kwa kisigino, ndani yake yuko mmoja tu. Mpira ukielekea kwa watu, kelele ni moja, "Mpiraaa!", na anayeisikia afunike kichwa kwa mikono, asigeuke kutazama. Viatu ni yeboyebo au makubazi yanayobana. Kauri zilizovunjika na wanyama wa miiba havichagui mgeni.

Ndugu wa Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea mtaniambia bamvua haiwahusu. Kweli, lakini mna mikorosho. Mashamba husafishwa chini kabla korosho hazijaanza kudondoka, na kipindi hicho, kabla ya kuokota kuanza, nafasi kati ya mistari iliyopandwa mita 12 kwa 12 ni njia nzuri ya mpira. Msicheze siku salfa imepulizwa, inawasha macho na kifua. Pale penye shimo fagieni kwa ufagio wa chelewa duara lenye upana wa mita nne, kisha mwage mchanga uliochekechwa unene wa sentimita mbili: ni ndoo 12 au 13 za lita 20 kwa duara moja, kwa hiyo mashimo matatu yanatosha, myazunguke mara tatu. Viko viwanja halisi vyenye mchanga badala ya majani kuzunguka shimo, na huko mchanga ulimwagiwa mafuta usipeperuke. Nyie nyunyizieni maji, oili chafu haina kazi shambani. Bendera za kanga fungeni juu zaidi ya pwani, mbuzi wanazila.

Kwa marafiki wanaopanga kwenda Dar kucheza uwanja kamili, neno moja tu: anayeanza asiingizwe moja kwa moja kwenye mashimo 18. Ni saa nne hadi tano za kutembea, na nyuma yake kuna watu wanaosubiri. Apate kwanza saa mbili na mwalimu, kisha chezeni kwa pointi, siyo kwa jumla ya mikwaju: shimo ukilimaliza kwa idadi ya mikwaju iliyowekewa pointi mbili, ukizidisha mkwaju mmoja pointi moja, ukipunguza mmoja pointi tatu, ukizidisha miwili au zaidi sifuri na unaokota mpira. Mtindo huo wa Stableford ulianza kutumika kwenye mashindano Wallasey, Uingereza, mwaka 1932, na umeokoa urafiki mwingi, kwa sababu shimo moja baya haliui siku nzima.

Kadi ya matokeo iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu ukilowa unatoka, risasi inabaki. Mbali na mikwaju, andikeni tarehe, saa ya maji kupwa, upepo, na kwa kila shimo herufi ya yule ambaye mpira wake uliingia. Picha za simu hupotea na simu. Kadi ikitiwa kwenye mfuko wa plastiki na kuwekwa pamoja na makopo, mwakani mnapofungua toroli ndiyo mnayoikuta juu, na mabishano yanaendelea yalipoishia.

Kung'oa kuanze na makopo ya upande wa bahari. Aliyeyafukia ndiye ayafukue, kwa kuwa mchanga ukishasawazishwa hakuna mwingine anayekumbuka. Kila shimo lijazwe na kukanyagwa, kwani usiku wavuvi watapita hapo wamebeba nyavu, gizani. Yalishuka makopo tisa, yahesabiwe tisa kabla ming'oko, viazi pori vya huku, haijafunuliwa na madafu hayajakatwa, maana sahani ikishawekwa chini hutampata mtu wa kurudi nyuma kutafuta la tisa.